Namba ya Mtoto wa Mama Pasi

Jina la Tisini na Tisa nilimpa mimi, na nakiri kosa langu mapema ili msije mkanisuta mbele ya safari. Wakati ule sikujua lolote juu yake. Nilikuwa mhakiki katika ofisi ya takwimu, yeye karani mpya aliyechukuliwa kwa miezi mitatu ya sensa, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwapani. Nililitazama lile shati nikasema moyoni, huyu ana mke mkali au mama mkali. Kumbe alikuwa na mama, na wala hakuwa mkali.

Kazi yetu haina siri. Makarani wa sensa hupita nyumba kwa nyumba na madodoso yao, humwuliza kila mtu umri, elimu, kazi, na katika swali la kumi na mbili humwuliza asili yake: ni wa kabila gani, au wazee wake walitoka nchi gani. Mtu hujibu anavyojijua. Dodoso likifika kwetu, karani wa namba hulisoma jibu, hufungua kitabu cha namba, huitafuta namba ya watu wale na kuiandika kisandukuni kwa penseli nyekundu. Kitabu chetu kilianzia 01 kikaishia 98. Humo mlikuwa na makabila yanayojaza wilaya tatu na mengine yasiyojaza hata ukumbi wa harusi. Mlikuwa na watu ambao babu zao walishuka melini, na wengine ambao wazazi wao walikuja kwa miguu wakikimbia vita. Machotara walipewa mistari minne tu, kana kwamba watu wanajua njia nne tu za kupendana. Asiyeonekana kokote aliandikwa 99, yaani asili haijulikani.

Sasa karani mvivu huipenda 99 kama paka anavyolipenda jiko. Mwandiko ukiwa mbaya, 99. Mtu akitaja ukoo badala ya kabila, 99. Huyu kijana alikuwa haiandiki hata umsimamie na fimbo. Wenzake walimaliza mafungu kumi kwa siku, yeye sita, kisa amekwama kwenye jibu la bibi mmoja wa mbali huko. Siku moja uvumilivu ukanishinda nikampigia kelele mbele ya chumba kizima.

"Wewe bwana, hiyo tisini na tisa imekukosea nini? Iandike twende!"

Watu wakaangua kicheko, na jina likamganda. Naye alicheka pamoja nao, akainama akaendelea kutafuta. Kicheko chake kile ndicho kilichokuja kuniuma baadaye.

Tukapokea fungu moja kutoka mpakani, watu mia moja na arobaini, wote wamejibu "sisi ni watu wa chumvi". Kitabuni hakuna watu wa chumvi. Mkuu wa kitengo akasema wote 99, wanatania serikali hao. Tisini na Tisa akaomba ruhusa ya saa ya chakula, akatoka anakimbia. Aliporudi jasho lilikuwa limelilowesha lile shati lake la kifahari. Alikuwa amekwenda kumwuliza mke wa dereva wa lori, jirani yake, ambaye tangu utotoni alimsikia akijisifu kwamba bibi yake ni wa chumvi. Kumbe ndivyo wanavyojiita wenyewe, kwa sababu wazee wao walichemsha chumvi ziwani, ila kitabuni wameandikwa kwa jina walilopachikwa na majirani. Namba yao ni 58. Tukapiga simu wilayani kuhakikisha, ikawa kweli. Watu mia na arobaini wakapata pa kukaa kwa sababu kijana mmoja alikuwa na jirani mwenye majivuno.

Siku hiyo nikamkaribisha mezani kwangu, chai na mkate. Nikamwuliza, "Hivi wewe mambo ya watu wote hawa umeyajulia wapi? Wewe mwenyewe mtu wa wapi?"

"Mimi, dada? Mimi ni tisini na tisa. Ulipatia bila kujua."

Nilidhani anatania. Alipoanza kunieleza, chai ikanipoa mkononi, na haya ikanijaa mpaka masikioni.

Mama yake mlezi alikuwa dobi, mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Alipanga mlango wa kwanza katika nyumba ndefu ya milango sita yenye ua mmoja, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi sare za wauguzi, madereva na makarani. Mume alikuwa amefariki mapema, mtoto hakujaliwa. Asubuhi moja alikuja mwanamke asiyemfahamu, ana kifurushi cha nguo mkononi na mtoto mgongoni. Akaweka kifurushi mezani, akamshusha mtoto, akasema, "Nishikie mtoto, narudi sasa hivi."

Mpaka leo ile sasa hivi haijafika. Mama Pasi alimtafuta sokoni, kituo cha basi, hospitali, polisi. Polisi waliandika wakasema subiri. Mtoto alikadiriwa ana miaka miwili na nusu, alijua maneno machache ya lugha ambayo hakuna mlango hata mmoja kati ya sita ulioielewa, na baada ya wiki chache aliyasahau yote, akachukua ya wenyeji wake.

Na wenyeji wake walikuwa sensa nzima. Mlango wa kwanza Mama Pasi, mtu wa kabila dogo la milimani. Ofisini tunawaita watu wa 47, na kwa kuwa nilikula kiapo cha siri cha sensa, nami hapa nitawaita hivyo hivyo. Wa pili dereva wa lori na mkewe wa chumvi. Wa tatu fundi saa, baba yake Mzungu aliyeondoka, mama yake mwenyeji aliyebaki. Wa nne muuguzi mstaafu kutoka kaskazini, ambaye kwa urefu alikuwa akiingia ndani kwa kuinama. Wa tano mshona viatu, ambaye babu yake alivuka bahari na sanduku la misumari. Wa sita mwoka mikate na binti zake wanne, waliokimbia vita nchi ya jirani. Mtoto akila mlango huu, akioga mlango ule, akisinzia anapokamatwa na usingizi. Muuguzi alimpima uzito kila Jumatatu. Fundi saa alimfundisha kusoma saa kabla hajajua kusoma. Mshona viatu alimkatia viatu vya mabaki, kimoja cheusi kimoja kahawia, naye akavivaa kwa maringo. Kila mlango ulimkemea kwa lugha yake, na mtoto akikemewa katika lugha sita atazijua tu, apende asipende.

"Watu wengine wana mama mmoja na bado wanamnunia," aliniambia. "Mimi nilipewa ua mzima. Nitalalamika nini, dada?"

Nami niliyekuwa nimempa lile jina nikataka kulifuta siku ile ile. Akakataa, akasema jina likitoka atakosa la kuitikia. Ndivyo alivyo. Ukimkosea, yeye ndiye anakutafutia pa kutokea.

Miezi mitatu ilipoisha tukamwajiri moja kwa moja, na miaka thelathini ikapita. Alioa binti wa tatu wa mwoka mikate. Watu wakamtania kwamba hakutoa hata nauli, kavuka ua tu. Wakajaliwa watoto watatu. Wakapata vyumba viwili zaidi mle mle, mama akabaki nao. Mpaka leo, na mvi zake zote, kila Jumamosi asubuhi hushika ufagio akafagia ua mzima, mlango wa kwanza mpaka wa sita, ingawa wapangaji wa zamani karibu wote wamekufa na wa sasa hawajui anamshukuru nani. Mimi mwenyewe nina langu la kumshukuru. Macho yangu yalipoingia ukungu na nikawa naogopa kusema nisistaafishwe, alihamisha meza yake karibu na yangu bila kuulizwa, na kwa miezi miwili alinisomea kila dodoso kwa sauti ya chini mpaka nilipofanyiwa upasuaji. Hakuna aliyejua. Nasema leo kwa kuwa nimekwisha kustaafu na hawana la kunifanya.

Jambo moja tu lilinikera kwake. Yeye aliyewatafutia watu wa chumvi pao, sensa tatu mfululizo, kwenye dodoso la nyumbani kwake alijijibu "haijulikani". Watoto aliwaandika asili ya mama yao. Nikamwambia mganga hajigangi, akacheka.

"Sheria si unaijua," nilimwambia. "Mtu anaandikwa anavyojitaja. Kitabu kizima kimejengwa juu ya hilo. Jitaje!"

"Nijitaje nani? Nichukue cha watu? Na yule mama akirudi kuulizia, akute nafasi yake imeshakaliwa?"

Hapo nikaelewa kwamba kile kisanduku hakukiacha wazi kwa kukosa jibu. Alikuwa amemwekea mtu. Sikumwudhi tena kwa hilo.

Sasa njoo sensa hii ya mwisho, ambayo yeye alikuwa na miaka hamsini na mitatu nami nikihesabu miezi ya kustaafu. Sensa ya kabla yake wakubwa walikuwa wameleta kanuni mpya: kabila lisilofika watu elfu moja halichapishwi peke yake kwenye jedwali la taifa, linaingizwa kwenye mstari wa mwisho, "Wengineo". Watu wa 47 walihesabiwa mia tisa sitini na wanane. Wakaingizwa humo.

Tisini na Tisa alimweleza mama yake juu ya chai, kama mtu anavyoeleza habari za kazini. Mama Pasi akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo sisi hatumo?"

"Mmo, mama. Mmo ndani ya Wengineo."

"Wengineo ndio akina nani? Wana mashamba wapi? Wanasalimiana vipi?"

Mwanawe, mwenye majibu ya nchi nzima, akamwongezea chai. Mama akachukua kikombe chake. "Haya. Haba na haba hujaza kibaba. Safari hii tutafika."

Neno hilo likamkaa mwanawe moyoni. Wiki tatu baadaye karani wa sensa alipita mtaani kwao, Tisini na Tisa yuko ofisini, mkewe yuko kazini, watoto wametawanyika. Nyumbani alikuwepo Mama Pasi peke yake, naye ndiye aliyejibu kwa niaba ya kaya nzima.

Kwetu karani haruhusiwi kugusa fungu la mtaa wake, kwa hiyo lile likaja kwangu. Nikafungua dodoso la kaya yao. Mama Pasi, asili yake 47. Mkwe, asili yake sawa kama ilivyo. Halafu yeye mwenyewe, mtoto wa mkuu wa kaya, miaka hamsini na mitatu: 47. Na watoto watatu: 47, 47, 47. Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau ustaarabu wa kazi. Nikamwita.

"Njoo uone! Hatimaye umepata namba!"

Alisoma. Badala ya kucheka akavuta kiti akakaa, uso umemshuka.

"Amenijazia," alisema.

"Nini?"

"Nilimwambia hawakufika elfu. Amehesabu, ameona wanapungua, akatuingiza wanne kujazia kibaba. Miaka hamsini, dada, hajawahi kuniambia mimi ni mtu wa kwao. Hata siku moja. Leo wanapungukiwa ndiyo nimekuwa wa kwao." Akanisogezea karatasi. "Nafuta. Andika haijulikani. Mimi si wa kujazia."

Nilimjua miaka thelathini, na ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake inamponyoka. Kibaya zaidi, niliona huenda ana haki. Mama Pasi nampenda, lakini bibi anayetaka kabila lake lionekane anaweza kufanya hesabu kama mtu mwingine yeyote. Ningekuwa mimi ningewaingiza na paka.

"Hufuti wewe wala sifuti mimi," nikamwambia. "Umeweka pingamizi mbele ya mhakiki. Utaratibu unaujua: mhusika anaulizwa upya, nyumbani kwake, na mhakiki mwenyewe. Kabla ya hapo naangalia madodoso ya nyuma ya kaya hiyo."

"Ya nyuma nilijibu mwenyewe. Yote haijulikani."

"Matatu ulijibu mwenyewe. Umehesabiwa mara tano kabla ya hii."

Akairudisha karatasi mbele yake. Mtu aliyeishi na karatasi maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba naye alikuwa mtoto katika karatasi za makarani waliotutangulia. Alikuwa ameshajiamulia kwamba nazo zinasema haijulikani.

Bohari letu liko chini ya ngazi, na mlinzi wake ni mzee anayeamini kila faili analotoa ni jino lake. Nikamwambia mhusika yupo hapa hapa, ana haki ya kuona lake. Alinung'unika, akapanda ngazi ya mbao, akashuka na vumbi na maboksi mawili. Katika lile la miaka arobaini iliyopita tulikuta kaya yao: mvulana, miaka kumi na mitatu, mwanafunzi. Swali la kumi na mbili, 47. Tisini na Tisa akaigusa namba ile kwa kidole. Akavuta boksi la pili mwenyewe.

Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Mkuu wa kaya: mwanamke, ishirini na sita, dobi, mjane. Mstari wa pili: mvulana, takriban miaka mitatu. Uhusiano na mkuu wa kaya: mtoto. Asili: jina la watu wa 47, kwa wino wa bluu, na namba yao pembeni kwa penseli nyekundu ya karani fulani ambaye labda hata hatunaye tena. Na chini kabisa, penye nafasi ya maelezo, karani wa sensa alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "Mama mzazi hayupo. Mkuu wa kaya anasema ni wake. Nimeuliza mara mbili."

Alisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akinisomea mimi. Alipofika mwisho akarudia, "Nimeuliza mara mbili." Kisha akaiangalia tarehe. Yule mwanamke alimwacha mwezi wa nne. Sensa ile ilikuwa mwezi wa nane.

"Miezi minne," akasema. "Alikuwa na mimi miezi minne tu."

Siku ile hapakuwa na kanuni ya elfu moja, wala Wengineo, wala kibaba cha kujazwa. Sikulisema hilo, alikuwa karani mzuri kuliko mimi na aliliona. Mzee wa bohari akauliza kama tumemaliza. Nikamwambia asubiri, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akasubiri.

Hata hivyo pingamizi likishaandikwa lazima lifungwe, na Jumamosi asubuhi nikaenda kwao na dodoso kwenye bahasha. Nilimkuta Tisini na Tisa anafagia, amefika mlango wa nne. Mama Pasi alikuwa chumba cha mbele, amekaa kwenye meza ile ile ya kupigia pasi, ambayo blanketi lake limeungua alama ya pasi pembeni tangu kabla sijawafahamu. Siku hizi anatumia pasi ya umeme. Ile ya mkaa inazuia mlango usijifunge. Kwenye ukuta kuna ubao wenye misumari na vijiti vya nyuzi za rangi, maana kila mteja ana rangi yake inayoshonwa ndani ya ukosi ili nguo zisichanganyike. Nyekundu mwalimu, njano familia ya posta, bluu zahanati. Kijani ni ya nyumbani kwake mwenyewe. Ukiniuliza, yule mama alikuwa karani wa namba kabla yetu sote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula au umekuja kwa serikali?"

"Kwa serikali kwanza."

Nikamweleza: mwanao ameweka pingamizi, nimekuja kumwuliza upya. Tisini na Tisa alisimama mlangoni, ufagio mkononi, miaka hamsini na mitatu na bado kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mama Pasi alizima pasi, akaisimamisha. "Sensa tatu," akaniambia mimi, lakini akimtazama yeye. "Sensa tatu nilikuwa humo jikoni nikimsikia akiwaambia watu wa serikali kwamba hajulikani. Hajulikani na nani? Mimi simjui? Nikasema huyu ni mtu mzima, mdomo ni wake. Safari hii wamenikuta mimi, na mdomo ni wangu."

"Mama, mbona hukuniambia?" alisema. "Hukuwahi kuniambia hata siku moja kwamba mimi ni wa kwenu."

"Nikuambie? Nimewahi kukuambia unaitwa mtoto? Kuna mtu huuambia mkono wake, wewe ni mkono wangu?"

"Nilidhani umenihesabu kwa sababu ya ile elfu."

Hapo niliona neno limemchoma yule mama. Sikujua nitazame wapi, nikatazama nyuzi. Kisha akainuka, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, akalifungua. Juu kabisa palikuwa na magauni mawili, mtandio na shuka, vimekunjwa kwa mistari iliyonyooka, vimechakaa kwa kufuliwa kuliko kwa kuvaliwa. Ndani ya kila ukosi na kila pindo uzi mweupe.

"Mweupe ni wa mteja nisiyemjua jina," alisema. "Hizi ni za yule mama. Kila mwaka nazifua, nazipiga pasi, nazirudisha. Akiingia sasa hivi anazikuta safi." Akaingiza mkono chini yake akatoa kishati kidogo cha mtoto. "Na hiki ulikuja nacho wewe. Siku ya kwanza nilikiwekea uzi mweupe, nikijua utaondoka nacho. Tazama."

Mwanawe akaweka ufagio chini, akakishika. Kwenye ukosi palikuwa na vitundu vidogo, uzi mweupe ulipong'olewa, na pembeni yake uzi wa kijani.

"Ule mweupe niliutoa ulipotimiza miezi miwili kwangu," akasema Mama Pasi. "Nguo zake namtunzia, kwa sababu ni zake. Wewe sikukutunzia mtu. Wewe nilikulea."

Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi msemo huo nimeusikia kwenye harusi na mazishi mpaka ukanichosha. Asubuhi ile haukunichosha. Nilimshukuru Mungu kwamba macho yangu yalipasuliwa kwa wakati, nikaona kishati kile.

Lakini kazi ni kazi. Nikatoa dodoso, nikatoa penseli.

"Bwana, swali la kumi na mbili. Nakuuliza mara ya kwanza. Asili yako?"

Akalitaja jina la watu wake, kwa lugha yao, kama wanavyojiita wenyewe huko milimani.

"Umelikata mwishoni," akasema Mama Pasi. "Livute."

Akalivuta. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Nakuuliza mara ya pili," nikasema, kwa sababu karani mwenzangu wa miaka hamsini iliyopita aliuliza mara mbili na sikutaka kumwangusha. Akajibu tena. Nikaandika 47 mbele ya macho yao, na 47 tatu za watoto nikaziacha zilivyo. Pale kwenye maelezo niliandika: "Mhusika amejitaja mwenyewe." Kisha nikala, maana sikuwa nimekuja kwa serikali tu.

Kitabu cha jedwali kilitoka mwaka uliofuata, mwezi mmoja kabla sijakabidhi funguo za meza yangu. Tisini na Tisa alipewa nakala ya ukurasa wa asili ya wananchi, tukaupeleka pamoja kwa Mama Pasi. Mistari mingi, taifa zima limekaa kwenye karatasi moja: wengi na wachache, wa melini na wa miguu, na machotara ambao safari hii walipewa mistari tisa. Mama Pasi hakuwahi kujifunza kusoma. Mwanawe akamshika kidole, akakiweka kwenye mstari.

"Ndio sisi hapa?"

"Ndio sisi. Elfu moja na themanini na saba."

"Ukitutoa nyie wanne?"

Akacheka. "Elfu moja na themanini na tatu, mama. Mngefika bila sisi."

"Unaona sasa!" Akampiga kofi dogo begani. "Nilikuwa na haja gani ya kujazia?"

Alikaa na kidole pale pale, akamwambia amsomee tena ule mstari, akasomewa. Akataka na Wengineo asomewe, ajue waliobaki humo ni wangapi; alipoambiwa akatikisa kichwa, akawahurumia. Kisha akavuta sanduku lake la bati, akalifungua, akampa mwanawe ile karatasi.

"Iweke hapo juu ya nguo zake," alisema. "Kama alikuacha ni shida ilimshinda, na mimi alinipa mtoto, sina kinyongo naye. Akija siku moja asihangaike. Aoneshwe mtoto wake yuko mstari gani."